Ukungu Ambao Haukuwepo

Secilia alinyang'anywa mjukuu wake, na aliyemnyang'anya ni wifi yake, Yunis. Hakutumia nguvu wala mahakama. Alisimama mbele ya watu wa ukoo Jumapili mchana, ndani ya nyumba ambayo Secilia aliisiriba kwa mikono yake mwenyewe, akasema mambo ambayo kila moja lilikuwa la kweli, ila alisema nusu tu. Nusu ya pili aliimeza, na mpaka leo iko tumboni mwake. Mtoto hasikii, alisema Yunis, kwa sababu bibi yake alimdanganya daktari. Watu wote wakageuka kumtazama Secilia. Naye hakukana, maana ni kweli alikuwa amemdanganya daktari.

Sasa tueleze huyo Secilia ni nani, maana waliomhukumu siku ile wengi wamekula kwake.

Alizaliwa katika kitongoji kilicho juu ya Mlola, kwenye mteremko ambao mtu akidondosha kiazi mlangoni kwake hukiokota shambani kwa jirani. Alikuwa wa kwanza katika watoto sita. Mama yake alijifungua karibu kila baada ya miaka miwili, na kila aliyekuja aliwekwa mgongoni mwa Secilia. Shule ilikuwa bondeni, nusu saa kwa mguu. Aliliona paa lake kila siku, na kengele yake akaisikia, lakini hakuwahi kukalia dawati lake hata mara moja. "Huyu ataanza mwakani," baba yake alikuwa akisema, na mwakani ikifika kulikuwa na mgongo mwingine wa kubebwa. Wadogo zake wote walisoma. Mmoja ni mwalimu Korogwe, na akija likizo humsomea dada yake ujumbe wa simu huku ameinua nyusi, kama anayempa mtoto pipi.

Basi Secilia hakujua herufi, lakini watoto wachanga aliwajua. Alijua kilio cha njaa na kilio cha tumbo, na kile kilio cha mtoto asiyetaka kitu ila kugeuzwa upande. Alipoolewa na Alen, mkulima wa viazi na kabichi, mtu mpole aliyeongea kwa nadra, majirani walianza kumwita uchungu unapowashika. Hakujiita mkunga. Hakuwa na mkoba wala wembe. Kazi yake ilikuwa kumshika mwanamke kiuno na kumtembeza taratibu mpaka zahanati, akimsemesha habari za watu ili asahau njia. Wanawake wa kitongoji kile wanasema Secilia anaweza kukuchekesha katikati ya uchungu mpaka ukamchukia.

Alen alikufa kwa kifua, akamwachia nyumba, shamba la ngazi saba na mtoto mmoja, Aron. Akamwachia na dada yake, Yunis.

Yunis ndiye mkubwa wa ukoo ule kwa upande wa wanawake. Aliolewa bondeni huko Mombo, akarudi nyumbani ndoa ilipomshinda, akajenga ng'ambo ya kijito, mkabala na nyumba ya kaka yake. Ni mwanamke safi, mwenye sauti ya kwaya na mkono wa kutoa. Haki lazima isemwe hata kwa aliyekudhulumu. Na lazima lisemwe na hili: Yunis alizika watoto wawili wachanga aliokuja kuwazalia nyumbani, wote wawili mwezi wa saba, miaka ambayo baridi ya kule juu inachoma migomba kama moto. Wa pili alikuwa ametolewa nje akiwa na siku tatu. Tangu hapo Yunis akawa mlinzi wa mlango. Katika ukoo wao mtoto hatoki nje kabla kitovu hakijakatika, na kikishakatika, anayemtoa ni shangazi. Anasimama naye kizingitini, anamwonyesha jua na shamba, anamwambia jina lake, kisha wanawake wanakula maharage na ndizi. Ni jambo zuri, hata Secilia alilipenda. Aron mwenyewe alitolewa na Yunis, na Secilia alilia kwa furaha siku ile.

Aron alikua, akapata kazi ya kiwanda cha chai upande wa Mgwashi, akaoa msichana wa huko, Marietha, binti wa wachuma chai waliotoka mbali. Marietha alipopata ujauzito, Aron alimleta kwa mama yake ili ajifungulie mikononi mwa mtu anayejua.

Wakati huo zahanati ilikuwa imepata kitu kipya. Nesi wao, Sista Jackline, msichana wa Singida asiye na mzaha na uchafu, alikuwa amepewa kishikwambi, kile kioo kipana cha kupigia simu, na ndani yake alikuwemo daktari. Daktari huyo, Faustine, alikaa hospitali huko mjini Lushoto, na mjamzito akiwa na tatizo nesi alimpigia wakaonana ana kwa ana. Mama aliyekwisha kujifungua akirudi nyumbani, walimpigia kwenye simu yake mwenyewe siku ya tatu au ya nne, wamwone na mtoto wake bila kumshusha na kumpandisha mlima.

Mwanzoni watu walicheka sana. "Leo unakwenda kwa daktari wa kwenye kioo?" waliulizana njiani. Wanawake walijipaka mafuta na kufunga vilemba vya harusi kwa ajili ya kipimo cha presha. Bibi mmoja alikataa kuvua sweta mbele ya kishikwambi mpaka daktari ageukie ukutani. Daktari Faustine aligeuka kweli, wakaona kisogo chake, na kuanzia siku hiyo kijiji kizima kikasema ana adabu. Lakini kicheko kilikwisha siku mama mmoja alipovimba miguu na kuona mawenge, daktari akamwona kwenye kioo, akasema ashushwe mara moja, akashushwa, akarudi na mapacha. Baada ya hapo, mtandao ukikatika watu walilalamika kama maji yamekatika.

Marietha alijifungua Jumamosi pale zahanati, salama, mtoto wa kiume. Walimpa jina la Danieli. Jumapili jioni wakarudi nyumbani, mama na mtoto wakaingia chumba cha ndani, kile chenye dirisha la mbao na jiko la mafiga, ambako moto hauzimwi na moshi umeshapaka dari rangi ya kahawa. Yunis alivuka kijito akaja kukaa nao. Alileta kuni kavu, akaleta na maziwa.

Jumanne saa nne asubuhi simu ya Marietha ililia. Marietha alikuwa ananyonyesha, au anajaribu, kwa hiyo Secilia ndiye aliyeishika. Kwenye kioo walionekana wawili, Sista Jackline juu na daktari chini, kila mmoja kwenye kidirisha chake.

"Shikamoo mama," alisema daktari.

"Marahaba, baba. Habari za mjini?"

"Nzuri. Habari za mgeni wetu?"

"Mgeni amelala tu, kama aliyetoka safari."

"Ananyonya?"

"Ananyonya, daktari," Marietha alijibu kutoka kitandani. "Ila analala sana. Nikimwamsha anavuta mara mbili tatu, analala tena."

Daktari alisogea karibu na kioo. Kisha akasema, "Hebu mama nisogezee nimwone."

Secilia alisogeza simu mpaka karibu na uso wa mtoto. Taa ya sola ilikuwa inawaka juu ya kitanda, ile ya mwanga wa njano, na moto ulikuwa unawaka chini.

"Hapa naona chungwa tupu," alisema daktari. "Mtoto chungwa, shuka chungwa, ukuta chungwa. Hata wewe mama umekuwa chungwa."

Sista Jackline alicheka. Secilia naye akacheka.

"Hiyo taa inanidanganya," daktari aliendelea. "Nataka kujua kama ana manjano, na manjano hayaonekani kwenye mwanga kama huo. Mtoeni hapo mlangoni, dakika mbili tu, mumfunike vizuri. Nataka kuona macho na nyayo kwenye mwanga wa jua."

Yunis alikuwa kwenye kigoda karibu na jiko, anamenya maharage mabichi. Hakuinua kichwa. Alisema kwa Kishambaa, ili wale wa kwenye simu wasielewe, "Hatoki."

"Dakika mbili, wifi," Secilia alijibu kwa lugha hiyo hiyo.

"Wa kwangu alitolewa kwa muda wa kumwaga maji ya kuogea. Nilimzika siku ya pili yake. Unamjua nani alinisaidia kuchimba? Mume wako."

"Daktari anataka kumwona tu."

"Amwone humu. Kama kioo chake hakioni, kosa ni la kioo. Kitovu hakijakatika, na mtoto wa nyumba hii namtoa mimi. Ukimtoa wewe, usiniite tena wifi. Na mkwe wako ajue hivyo."

Marietha, mgeni wa nyumba lakini si wa lugha hiyo, alitazama shuka.

"Mama, kuna tatizo?" daktari aliuliza.

Hapa ndipo pa kusimama, maana yote yaliyofuata yalitokea hapa. Secilia alitazama mlango. Chini ya mlango kulikuwa na mstari wa jua, mweupe, na nje alimsikia kuku akikwaruza vumbi. Siku ile hakukuwa na wingu hata la kufutia kidole. Angeweza kusema, "Daktari, wifi yangu anakataza." Maneno manne tu. Lakini mwanamke aliyeolewa anafundishwa tangu siku ya kwanza kwamba ya ndani hayaanikwi nje, na daktari alikuwa mtu wa mbali, msomi, na Sista Jackline naye alikuwa anatazama. Aliona aibu kuwaonyesha kwamba katika nyumba yake mwenyewe, yeye mwenye miaka arobaini na tisa, hana amri ya kufungua mlango. Tena alimwonea huruma Yunis. Hilo watu hawalijui. Alikumbuka vile vijeneza viwili.

Akasema, "Nje kuna ukungu, daktari. Mzito. Hata kuku hatumwoni."

"Aa," alisema daktari. "Ukungu wenu naujua. Basi kesho asubuhi, ukiondoka tu, mnipigie. Na akizidi kulala, au akikataa kunyonya, msingoje kesho."

"Sawa, baba."

Simu ikakatwa. Yunis aliendelea kumenya maharage. Baada ya muda alisema, kwa sauti laini kabisa, "Umefanya vizuri, mama Aron." Na hayo ndiyo maneno ambayo Secilia anayakumbuka kuliko yote.

Jumatano, jua likichomoza, Danieli alilia kilio ambacho Secilia hakuwahi kukisikia kwa mtoto yeyote kati ya wote aliowabeba. Kilikuwa chembamba kama cha paka aliyefungiwa. Shingo ilikuwa inarudi nyuma. Marietha alimpa titi, akalikataa. Yunis alikuwa ameteremka kisimani. Secilia hakuuliza mtu. Alimfunga mtoto kanga mbili na sweta la Alen juu yake, akafungua mlango, akatoka naye, akasimama kwenye jua.

Kule nje ndiko alikoona. Weupe wa macho haukuwa mweupe. Alibonyeza unyayo kwa kidole gumba, akaachia, na kabla damu haijarudi ngozi ilibaki na rangi ya kiini cha yai.

Herufi hakuzijua, lakini picha ya Sista Jackline kwenye simu aliijua. Aliibonyeza. Sista alimwunganisha na daktari, na daktari hakuhitaji dakika mbili.

"Nimeona, mama. Tokeni sasa hivi. Msipite popote. Njiani, kila mnaposimama, mama yake ajaribu kumnyonyesha, na kama havuti akamulie kwenye kijiko. Sista, andika rufaa. Mimi nawaandalia kitanda."

Shabani wa bodaboda aliletwa akiwa bado anatafuna kiazi. Walikaa watatu nyuma yake, Marietha katikati, mtoto kifuani mwake ngozi kwa ngozi. Kwenye kona ya kijito walikutana na Yunis na ndoo yake kichwani. Shabani alipunguza mwendo.

"Umemtoa," alisema Yunis.

"Nimemtoa."

"Kitovu kipo?"

"Kipo."

"Haya," alisema Yunis, akapita.

Huko hospitali Lushoto Danieli alilala siku tisa chini ya taa ya bluu ya kuondoa manjano, macho yamefunikwa kwa kitambaa, na siku ya kwanza alibadilishiwa damu. Secilia alilala sakafuni chini ya kitanda cha Marietha. Daktari Faustine alipita kila asubuhi. Siku ya kwanza alipomwona Secilia alimwinamia, akasema, "Kumbe mama wa chungwa ni mrefu hivi." Mtoto alipona. Akarudi nyumbani mnene, ananyonya kama ndama. Yunis alimpokea, akamwonyesha jua kizingitini kama desturi, akaimba. Hakukuwa na neno baya. Kwa mwaka mzima na zaidi Secilia alikuwa bibi kama bibi wengine, mgongo wake umerudi kwenye kazi yake ya kwanza.

Halafu mfuniko wa sufuria ulianguka. Danieli alikuwa na mwaka na miezi minne, amekaa mkekani na gunzi la mahindi. Mfuniko wa bati ulianguka nyuma yake kwenye sakafu ya saruji, paka akaruka, Marietha akaruka, mtoto hakupepesa. Secilia aliuokota akaudondosha tena makusudi. Akapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Kisha akakaa chini pale pale.

Walimpeleka kupimwa kwenye hospitali kubwa ya mbali. Mtaalamu alisema manjano yakipanda sana siku za mwanzo yanaweza kuua masikio. Secilia alimwuliza kama siku moja ingebadilisha. Mtaalamu akasema huenda ndiyo, huenda siyo, hakuna anayeweza kusema.

Yunis aliweza kusema. Jumapili ile, baada ya ibada, watu kumi na mmoja walikaa kwenye sebule ya Secilia, na Aron alikuwa amekuja kutoka kiwandani akiwa amevimba macho. Walitaka kujua imekuwaje. Yunis alisimama.

"Mimi nilikuwepo," alisema. "Jumanne daktari alisema mtoto atolewe mwangani. Mama Aron akamwambia kuna ukungu. Hapakuwa na ukungu. Mwulizeni yeye mwenyewe."

"Mama?" alisema Aron.

"Nilisema," Secilia alijibu.

"Kwa nini?"

Secilia alimtazama Yunis, akimngoja amalizie. Alimpa nafasi. Kwa akili yake, aliyekataza ndiye angesema alikataza. Yeye alimwekea siri siku ile, kwa hiyo zamu ilikuwa ya mwenzake. Yunis akarekebisha kilemba chake.

"Unanitazama nini? Kama mimi wifi yako ndiye nisiyetaka mtoto atoke, mbona ulimtoa kesho yake bila kuniuliza?" alisema Yunis. "Kwa hiyo uliweza. Ila siku ile hukumtoa."

"Wifi," alisema Secilia. "Sema yote."

"Yapi?"

"Marietha alikuwepo," alisema Secilia.

Wote wakamgeukia Marietha. Msichana huyo alikuwa na mtoto mapajani, hana ndugu hata mmoja katika chumba kile. "Mama alisema kuna ukungu," alisema polepole. "Hilo nililisikia." Hakuulizwa lingine, naye hakuongeza.

Ndipo Secilia akaeleza mwenyewe, lakini maelezo yaliyochelewa ni kama chakula kilicholala, kila mtu anakinusa kwanza. Mzee mmoja alisema si vizuri kumsingizia wifi ambaye naye amezika. Na Aron, ambaye tangu utoto ana tabia ya kumwamini aliyezungumza mwisho, alisema mtoto hatabaki mikononi mwa mtu anayeweza kudanganya juu ya uhai wake. Jioni hiyo hiyo vyombo vya Marietha vilivuka kijito kwenda kwa Yunis.

Ni hatua mia mbili. Secilia amezipima. Anamwona Danieli kila siku kutoka kwenye ngazi ya juu ya shamba lake. Bibi wengine katika mabonde yale huwaita wajukuu zao kwa sauti kutoka mlima hadi mlima, na wanakuja mbio. Yeye hata angeruhusiwa kuita, asingesikiwa. Kwa hiyo huvaa kanga nyekundu anapokwenda kulima upande ule. Siku nyingine mtoto huona wekundu, huinua mkono. Siku nyingine ana shughuli zake.

Marietha alimjia mara moja, msimu wa peasi, akiwa na nusu ndoo.

"Mama, hizi zimeiva sana, zitaoza."

"Ziweke hapo."

Akasimama mlangoni, anakwaruza ukingo wa ndoo. "Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, mama. Nami sina ndugu huku. Ningesema nini?"

"Ungesema ulichokisikia."

"Niliogopa."

"Najua," alisema Secilia. "Hata mimi niliogopa, ndiyo maana kukawa na ukungu. Kaa ule peasi."

Hakukaa. Lakini Secilia hamchukii. Akimfikiria, humwona vile alivyokuwa Jumanne ile, amelala na mshono mpya, anatazama shuka. Mtu asiye na nyumba hana pia mdomo, na Secilia anajua hilo kuliko wengi.

Kulikuwa na jambo moja aliloweza kulirekebisha bila kumngoja mtu. Alishuka zahanati siku ya kliniki, akasubiri wajawazito wote waishe, akamwomba Sista Jackline ampigie daktari. Sista alidhani anaumwa. Akaweka kishikwambi juu ya meza, akaketi pembeni.

"Mama wa chungwa," alisema daktari. "Habari za siku nyingi?"

"Daktari, siku ile hakukuwa na ukungu."

Daktari hakuelewa kwanza. Secilia akamweleza yote, taa, mlango, wifi, vijeneza viwili, kuku ambaye angeonekana vizuri kabisa. Sista Jackline aliacha kuandika. Daktari alivua miwani, akakaa nayo mkononi.

"Hata huku mjini siku ile kulikuwa na jua," alisema mwishowe. "Nililiona dirishani. Nikajiambia, milimani kila bonde na hali yake. Ningeuliza mara ya pili ningejua. Sikuuliza."

"Hukuwa na sababu."

"Nilikuwa nayo. Mtoto alikuwa analala sana." Akavaa miwani. "Mama, huko kwenu, ni nani anayeruhusu mtoto kutoka nje?"

"Shangazi."

"Kila nyumba?"

"Nyumba nyingine shangazi, nyingine bibi. Lakini daima yupo mtu, na hayupo kwenye karatasi zenu."

Tangu siku hiyo karatasi za Sista Jackline zina mstari mpya. Mjamzito akikaribia kujifungua anaulizwa jina la mwenye mlango, na huyo mwenye mlango anaitwa zahanati, anaketi mbele ya kishikwambi, anasalimiwa na daktari kwa heshima zake zote na kuombwa ruhusa mapema, kabla mtoto hajazaliwa, wakati hakuna anayeogopa. Mashangazi wamelipenda. Wanavaa vizuri. Wengi wanakubali kumtoa mtoto wao wenyewe kwa dakika mbili, kwa mikono yao, na ile desturi kubwa wanaifanya baadaye kitovu kikikatika. Sista anasema watoto watatu wenye manjano wameonekana mapema tangu hapo. Wote watatu wanasikia.

Mwaka huu Glory, mpwa wa Yunis na wa marehemu Alen, alikuja kwa Yunis akiwa na mimba, na mwenye mlango wake alikuwa Yunis. Secilia alikuwa pale zahanati, amemsindikiza mwanamke mwingine mwenye uchungu, na ukuta wa chumba kile ni wa mbao. Alimsikia daktari akieleza habari ya mwanga na taa na nyayo. Alisikia benchi alilokalia Yunis likilia.

"Nitamtoa mimi mwenyewe," Yunis alisema. "Siku ya pili. Ya tatu pia, ukitaka."

Na alimtoa. Secilia aliona kwa macho yake kutoka shambani: Yunis amesimama uani na kichanga mwenye kitovu bado, ameuinua unyayo wake kuelekea jua, na Marietha amemshikia simu. Danieli, miaka minne sasa, alikuwa anacheza miguuni pao. Yunis aliinua uso, akamwona wifi yake ng'ambo ya kijito. Walitazamana. Kisha Yunis akamfunika mtoto, akaingia ndani.

Kwa hiyo anajua. Mikono yake imekwisha kukiri, bado mdomo.

Aron anadaiwa na mama yake swali moja, lile la kwa nini, ambalo hajawahi kumwuliza wakiwa wawili. Marietha anadaiwa kidogo, na Secilia hamdai. Secilia mwenyewe ana deni kwa Danieli, siku moja ya jua, na deni hilo hakuna wa kumsamehe isipokuwa Danieli akiwa mkubwa, kwa namna atakayoiweza. Lakini Yunis anadaiwa maneno matatu, "Mimi ndiye niliyekataza," na anatakiwa kuyasema pale pale sebuleni, mbele ya wale wale kumi na mmoja, wakiwa bado hai wote kumi na mmoja. Hajayasema.